Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Rangi

Kakamega haina bandari. Kutoka Shinyalu nilikozaliwa unateremka hadi Khayega, unapanda matatu ya Kisumu, na hapo ndipo unapokutana na maji ya kwanza yanayoweza kubeba tanga. Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Hata hivyo, duka langu la rangi hapa mjini halikosi mgeni kutoka upande wa ziwa, Port Victoria au Usenge, aliyekuja Kakamega kwa shughuli zake na kukumbuka kwamba boti yake inahitaji kupakwa. Huingia na swali lilelile: "Fundi, mna rangi gani kali ya boti?" Nami humrudishia swali nililofundishwa pwani: chombo chako kinaishi maji gani?

Wengi hudhani nawazungusha. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama fedha zao zitanunua kinga au zitanunua sumu ya bure.

Mimi nilianza na mageti. Kabla sijaiona bahari nilikuwa napaka kuta za maduka, madirisha ya shule na mageti ya watu waliojenga Lurambi na Amalemba. Mjomba wangu, aliyekuwa kwenye ujenzi Mombasa, akaniita pwani. Kazi ya nyumba ilipokwisha nikapata kibarua katika karakana ya boti kwenye hori la Mtwapa, mahali ambapo mashua za uvuvi, boti za watalii na yoti za wageni zilipandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Matondoni, kile kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa mafundi wa majahazi. Aliniita "bara" mpaka nilipozoea, kisha akaniita "mwanangu", na wakati mwingine yote mawili kwa pamoja.

Boti ya kwanza niliyoiona ikitolewa majini ilikuwa ya faibaglasi. Ilikuwa imefungwa kwenye boya tangu msimu wa kaskazi, mwenyewe akiwa Ulaya. Sehemu ya juu ilikuwa nyeupe, safi, inang'aa. Chini ya mstari wa maji hukuiona boti tena. Magamba meupe yenye ncha kali yalikuwa yamepandana, mengine mapana kuliko ukucha wa kidole gumba. Katikati yake walikuwamo chaza wadogo, na mwani wa kijani ukining'inia kwenye usukani. Rafadha ilikuwa imegeuka bonge. Harufu yake ilijaa uwanja mzima kabla ya saa sita. Tulipewa vyuma vya kukwangua, na jioni vidole vyangu vilikuwa vimechanika licha ya glovu.

Mzee alinieleza jinsi mambo yanavyokwenda, na baadaye nilisoma kwamba wanasayansi wanasema yaleyale kwa maneno yao. Ndani ya saa chache chombo kikiwa majini, bakteria hujenga utelezi mwembamba juu ya mbao au faibaglasi. Utelezi huo huwakaribisha mwani. Kisha huja viluwiluwi vya magamba, vidogo hata jicho halivioni, vikitafuta mahali pa kushika. Kikishashika, kiluwiluwi hutoa gundi na kujijengea nyumba ya chokaa ambayo hakihami tena maisha yake yote. Katika maji yetu ya uvuguvugu mwaka mzima, kazi hiyo haina likizo. Chombo kilichojaa magamba huwa kizito, hakigeuki vizuri, hula mafuta zaidi kikiwa na injini, na kikiwa cha tanga huachwa nyuma na wenzake kwa upepo uleule.

Kwa chombo cha mbao hatari ni kubwa zaidi. Kuna mnyama wa baharini mwenye mwili kama funza, jamaa wa kome, anayeingia kwenye ubao kupitia tundu dogo kama la sindano akiwa mchanga, kisha anakua humo ndani huku akichimba. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje na ndani ukawa matundu matupu. Kwa hiyo wahenga wa pwani hawakupaka chini ya vyombo vyao kwa ajili ya urembo.

Walikuwa na utaratibu wao. Chombo kilingojewa bamvua, maji yakijaa sana kikaelekezwa ufukweni, kisha maji yakitoka kikapwelewa na kubaki kimeegemea miti. Chini yake kilikwanguliwa, kikachomwa kwa moto wa makuti makavu ili kuua wadudu walioanza kutoboa, nyufa zikatiwa kalafati ya pamba na mafuta. Juu ya mstari wa maji kilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Chini kilipakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, uliopondwa na kukandwa mpaka ukawa uji mzito. Mzee alikuwa ameipaka deheni kwa viganja tangu utotoni. Alisema haikuwa na nguvu ya kuua kitu. Ilikuwa ukuta tu kati ya ubao na bahari, na ilipoliwa na maji ilibidi ipakwe nyingine. Wenye majahazi walipanga safari zao kwa kujua hilo.

Kwingineko duniani watu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza liliifunika chini meli yake ya HMS Alarm kwa mabati ya shaba. Shaba ilifanya kazi: viumbe havikushika. Ila misumari ya chuma iliyogusana na shaba ililika vibaya, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, moja huila nyingine. Somo hilo la karne ya 18 bado liko hai katika kila karakana. Rangi nyingi za chini za leo zina oksaidi ya shaba ndani yake, na ndiyo maana rangi hiyo haiwekwi kwenye boti ya alumini. Mwenye boti ya alumini hutafutiwa rangi isiyo na shaba hiyo, la sivyo atapaka leo na kuja kuziba matundu baadaye.

Rangi hizi hufanya kazi kama sabuni, kwa kuisha. Sumu inatakiwa itoke kidogokidogo kwenye ngozi ya rangi, imkute kiluwiluwi pale anapotaka kushika. Rangi isiyotoa kitu haikingi kitu. Mzee alipokuwa akimwona mteja akisifu rangi "isiyotoka kabisa", alikuwa akitabasamu na kumwambia, "Bwana, hiyo basi kapake mlango."

Na siku moja ililetwa rangi ya mlango kweli. Mteja mmoja alikuja na makopo yake mwenyewe, kayanunua mjini kwa bei ya chini katika duka aliloambiwa lina "rangi ya boti". Rangi nyekundu, nzuri kwa macho. Mzee aliinua kopo kwa vidole viwili akanipa. Lilikuwa jepesi. Rangi yenye shaba ni nzito mno kwa ukubwa wa kopo lake. Ya lita chache tu huuchosha mkono. Nilipofungua kifuniko, harufu iliyonipokea ilikuwa ya mageti yangu ya Amalemba: ileile rangi ya mafuta ya kawaida. Tulimweleza. Akasema tunataka kumuuzia yetu. Tukampakia kama alivyotaka, na haikupita muda mrefu boti ikarudi na ndevu za kijani, magamba machanga yakiwa yameshachipua kwenye usukani. Alilaumu mikono yetu. Tangu hapo, kila ninapouza rangi, humwambia mnunuzi asome mgongo wa kopo kabla ya kutazama mfuniko: sumu gani imo, kiasi gani, kwa chombo cha aina gani.

Sasa, ukishajua kwamba rangi ni lazima iishe, swali linakuwa: iishe vipi? Hapo ndipo kuna aina mbili kuu. Ipo rangi ngumu, ambayo shaba huchujika kutoka ndani yake na kuacha ganda lililobaki palepale. Ipo pia rangi inayolika, ambayo uso wake wenyewe humomonyoka polepole kadiri maji yanavyopita, ukifunua rangi mpya chini yake.

Mashua ya kupeleka watalii kwenye matumbawe, inayopwelewa mchangani kila maji yakitoka, tuliipaka rangi ngumu, kwa kuwa ile laini ingefutwa na mchanga kabla ya bahari kuitumia. Yoti inayosafiri mara kwa mara na kulala kwenye maji ya kina tuliipa inayolika. Haijengi matabaka, na mwaka unaofuata kazi ya msasa huwa ndogo. Boti inayotolewa majini na kuwekwa nchi kavu kwa miezi ilihitaji uangalifu, kwani rangi nyingi ngumu zikikaa hewani muda mrefu hupoteza nguvu, ilhali zipo zinazolika ambazo huvumilia kutoka na kuingia. Boti inayokaa tu kwenye boya bila kwenda popote ndiyo ngumu kuliko zote, maana rangi inayolika hutegemea mwendo wa maji ili ijisafishe. Tulimshauri mwenyewe achague yenye shaba nyingi na alipie usafishaji wa mara kwa mara.

Jambo la mwisho kabla ya kununua ni kujua kuna nini chini tayari. Mzee alikuwa akichukua kitambaa kilichoroa maji, anasugua ubavuni. Kitambaa kikitoka na rangi, ya zamani ni ile inayolika, na hatukuthubutu kuweka ngumu juu yake, kwa sababu ngumu ikikalia laini hubanduka vipande vipande. Kisipotoka na rangi, huenda ya zamani ni ngumu. Asiyejua historia ya boti yake huwekewa praima ya kutenganisha au huikwangua yote.

Hesabu ya kiasi aliifanya kichwani. Kwa boti ya umbo la wastani, unajumlisha upana wake na kina chake ndani ya maji, unazidisha kwa urefu wa mstari wa maji, halafu unachukua robo tatu ya jibu. Boti yenye mstari wa maji wa mita 9, upana wa mita 3 na kina cha mita 1.5 ina eneo la karibu mita za mraba 30. Lita moja hupaka takribani mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili, basi, ni lita 6 hadi 8. Nimeona wenye boti wakinunua nusu ya hiyo na kuitia tina ili itoshe. Tina inaongeza kimiminika, haiongezi shaba.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu ambao mpaka leo naufuata hata kwenye mageti. Kwanza chombo huoshwa kwa maji ya nguvu mara kinapotolewa, kabla magamba hayajakauka na kung'ang'ania zaidi. Kisha msasa, na msasa wenyewe ni wa maji, kwa sababu vumbi kavu la rangi ya zamani ni sumu inayoingia mapafuni. Mzee hakukubali mtu asugue bila barakoa, na chini ya boti alitandaza turubai ili uchafu ukusanywe. Baadaye tepu ya karatasi huzungushwa juu kidogo ya mstari wa maji. Vipande vya zinki vilivyofungwa karibu na rafadha havipakwi kamwe: kazi yake ni kuliwa na maji badala ya chuma cha rafadha, na ukivifunika kwa rangi umeviachisha kazi.

Halafu kukoroga. Hapa ndipo alipokuwa mkali. Shaba hutuama chini ya kopo kama tope zito, na mvivu hupaka nusu ya kwanza maji matupu, nusu ya mwisho tope. Alitaka kijiti kiguse pembe zote za chini, kiinuliwe kikiwa kimevaa rangi ya sare, na kikorogwe tena kila baada ya muda mfupi kazi ikiendelea. Rola ilikuwa ya manyoya mafupi. Asubuhi tulingoja umande ukauke. Saa za jua kali tulifuata upande wa kivuli, tukizunguka boti pamoja nao, kwa sababu ubavu wenye joto huifanya rangi ivutike na kuacha michirizi. Mkono wa kwanza tulitumia rangi tofauti, nyeusi kwa mfano, na wa pili nyekundu. Siku nyeusi ikianza kuonekana, mwenye boti anajua bila kuuliza mtu kwamba kinga inakaribia kwisha. Kwenye omo, kwenye mkuku, kwenye usukani na kando ya mstari wa maji, ambako maji husugua zaidi, tuliongeza mkono wa tatu. Mwisho tulihamisha magogo ya kuegemezea, tukapaka zile sehemu zilizokuwa zimefichwa. Wasiohamisha magogo hujikuta wana mabaka ya magamba yenye umbo la mraba.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenisimulia kwa mara ya kwanza kisa cha rangi iliyokuwa kali kupita kiasi. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vilianza kutumia sumu iitwayo tributilitini, au TBT. Hakuna kilichoshika kwenye chombo kilichopakwa, na wenye meli walifurahi. Kisha kwenye ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wakaanza kuwa na magamba mazito yaliyopinda na uzao wao ukaanguka, na biashara ya wakulima wa chaza ikayumba. Konokono wa kike wa baharini walianza kuota viungo vya kiume. Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwenye boti ndogo mwaka 1982, Uingereza ikafuata mwaka 1987, na mwaka 2001 ukaandikwa mkataba wa kimataifa chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ulioanza kutumika Septemba 2008. Sumu iliyokuwa inalinda boti ilikuwa inaondoka kwenye boti na kuendelea na kazi mahali pengine.

Niliporudi nyumbani kufungua duka, nilirudi na kisa hicho. Na ndipo tunapofika kwa mgeni wangu wa Port Victoria.

Ziwa Viktoria ni maji baridi, yaliyo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Magamba yale ya Mtwapa hayaishi humo. Yule funza anayetoboa mbao pia haishi humo, anahitaji chumvi. Mwaka 2021 Flipflopi, lile jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa kandambili chakavu, lilisafirishwa kwa barabara hadi ziwani likapiga tanga kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Watu walishangazwa na plastiki. Mimi niliwaza jinsi chombo cha baharini kilivyowaacha maadui zake wote nyuma kwa kupanda milima tu.

Boti nyingi za wavuvi wa ziwani huvutwa ufukweni kila siku na kukauka. Adui zake ni jua, kuoza kwa mbao pale maji ya mvua yanapotuama ndani, misumari kushika kutu, utelezi wa kijani, na gugumaji linalosukumwa na upepo. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji shaba. Mwenye boti ya mvule namwambia aikaushe vizuri, aikalafati, aipe praima ya mbao na mikono ya kutosha ya rangi nzuri ya mafuta, kisha aisugue utelezi kwa brashi kila anapoivuta ufukweni. Mwenye boti ya faibaglasi inayolala majini namshauri apake epoksi ya kuzuia maji yasipenye, na juu yake rangi ngumu isiyo na shaba. Ile rangi ya mageti tuliyoicheka Mtwapa, ziwani ina heshima yake.

Wengine hawaridhiki. Wanataka ile kali, kwa sababu ni ghali na kwa sababu boti za wazungu zina hiyo. Hapo huwaeleza kuwa shaba inayozuia kiluwiluwi baharini ina madhara kwa samaki na konokono wa maji baridi, na kwamba ziwa hilo ndimo wanamovua omena na ngege, na ndimo mji wa Kisumu unamochota maji ya kunywa. Kupaka sumu mahali pasipo na adui ni kumpaka jirani.

Wala hatuna haki sisi wa Kakamega kusema ziwa liko mbali. Mto Isiukhu unapita kwenye msitu wetu na kuingia Nzoia. Nzoia unamwaga ziwani kule Bunyala. Yala nao unapita huku huku. Brashi inayooshwa kwa tina nyuma ya duka langu, maji yake yakiingia mtaroni, yatafika kwa mvuvi kabla ya yule mteja aliyenunua rangi. Kwa hiyo tina chafu tunaiacha ituame kwenye debe, tunatumia tena ile safi ya juu, na masalia yanakaushwa yakiwa mbali na mtaro.

Ukiwa na chombo baharini, nunua rangi yenye shaba inayolingana na mwendo wa chombo chako na kilicho chini yake, ikoroge hadi sakafu ya kopo, na uihesabie mwisho wake kabla hujaipaka. Ukiwa na chombo ziwani, kausha mbao, paka rangi ya kawaida na uweke brashi karibu. Na popote mlipo, mafundi wenzangu, msimwage masalia mtoni.